Ngozi Isiyogeuzwa

Mtu mwenye afya hatulii usingizini. Huvuta goti, hugeukia ukutani, huchomoa mkono alioulalia, na kukicha hakumbuki hata kimoja. Nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hutoa taarifa, ubongo huipokea bila kumwamsha mwenyewe, na mwili husogea. Kazi hiyo hufanyika kila usiku tangu utotoni, na wengi wetu hatujui kuwa ipo mpaka ikome. Hukoma kwa mzee aliyepigwa na kiharusi, kwa kijana aliyevunjika shingo kwa kuanguka mnazini au kwenye bodaboda, kwa mgonjwa mahututi aliyelazwa kwa dawa za usingizi, kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayeshinda chali kwenye chumba cha uani. Baadhi yao hawaisikii tena ile taarifa. Wengine wanaisikia vizuri sana, inawauma, ila hawana nguvu ya kuitii wala sauti ya kuomba msaada. Kuanzia hapo ngozi yao iko mikononi mwa mtu mwingine.

Mikono hiyo ikichelewa, hutokea vidonda vya kulala, au vidonda vya mgandamizo kama wanavyoviita wataalamu. Na vikitokea, maneno hugawanyika pande mbili. Wapo wasemao ni ugonjwa wenyewe umefika kwenye nyama, hakuna la kufanya. Wapo pia wanaomtazama binti aliyekuwa akiuguza, au nesi wa zamu ya usiku, wakanong'ona: uzembe. Kila kauli ina ukweli wake kidogo, na zote mbili zimewaumiza watu wasiostahili. Kabla ya kuamua uzembe uko wapi, tuangalie kwanza nyama hufaje.

Uzito wa mtu aliyelala chali haugawanyiki sawasawa. Hubebwa na sehemu chache ambako mfupa uko karibu na ngozi: kisogo, mifupa ya mabega, viwiko, mfupa bapa ulio juu ya kifandugu, na visigino. Akilazwa ubavu, mzigo huhamia kwenye nyonga, pembeni mwa magoti, vifundo vya miguu na hata sikio. Akikalishwa kwenye kiti cha magurudumu, karibu wote huangukia mifupa miwili ya makalio. Kwa hiyo ukiambiwa tu mgonjwa amelazwa vipi, unaweza kutaja kidonda kitatokea wapi kabla hujamwona.

Mwaka 1930 Eugene Landis, mtaalamu wa fiziolojia wa Marekani, alipima msukumo wa damu ndani ya mishipa midogo kabisa ya ngozi kando ya kucha. Mahali damu inapoingilia alipata wastani wa milimita 32 hivi za zebaki. Kwa miongo mingi namba hiyo ilichukuliwa kuwa mpaka: kitu kikikandamiza ngozi kuliko hapo, mshipa hujifunga na damu haipiti. Baadaye daktari Michael Kosiak, akifanya majaribio kwa wanyama, alionyesha kwamba mgandamizo wa milimita 70 ukidumu saa 2 mfululizo huacha madhara yasiyorudi nyuma, ilhali mgandamizo mkubwa zaidi ya huo, ukiachiliwa mara kwa mara, huacha madhara madogo tu. Funzo lake halijapitwa na wakati: nyama huvumilia uzito mkubwa kwa muda mfupi, lakini hushindwa na uzito mdogo usioondoka.

Utafiti wa karne hii umeongeza jambo lililobadilisha picha nzima. Watafiti kama Cees Oomens wa Eindhoven na Amit Gefen wa Tel Aviv wameonyesha kwamba seli za misuli hazisubiri kukosa damu ili zife. Zikikunjwa na kuvutwa kupita kiasi dhidi ya mfupa, huanza kufa kwa kupoteza umbo tu, mapema zaidi kuliko saa zile za Kosiak. Tena misuli ni dhaifu kuliko ngozi. Ngozi imezoea kuvutwa na kusuguliwa. Msuli ulioshikamana na mfupa haukuumbwa kulaliwa. Ndiyo maana vidonda vibaya kabisa huanzia chini, penye mfupa, vikapanda kuja juu. Jicho huviona mwishoni.

Familia nyingi huapa kwamba jana jioni mgongo wa mama ulikuwa mzima, na leo asubuhi kuna doa jeusi la ukubwa wa kiganja. Wanasema kweli. Madhara ya ndani huchukua kwa kawaida saa 48 hadi 72 kujionyesha juu ya ngozi. Hesabu siku mbili au tatu nyuma utamkuta mgonjwa huyo mahali pengine: kwenye ubao mgumu wa kubebea majeruhi, kwenye machela ya korido akisubiri picha ya eksirei, kwenye meza ya upasuaji kwa saa nyingi, au sakafuni alikoangukia na kukaa mpaka jirani akabisha hodi. Doa limetokea kwenye zamu ya mtu ambaye huenda hakuhusika nalo kabisa. Ni ukweli huu unaonifanya niogope haraka ya watu kunyoosha kidole, maana anayelaumiwa huwa ni yule aliyefunua shuka.

Kuna nguvu nyingine ambayo haionekani kabisa kwa anayeuguza. Mgonjwa ameinuliwa kwa mito ili anywe uji. Polepole mwili unateremka. Ngozi ya makalio imeng'ang'ania shuka, mifupa inaendelea kushuka, na mishipa inayopita katikati inavutwa na kupindwa mpaka damu inasita. Hakuna mchubuko wala alama. Kwa sababu hiyo wauguzi hufundishwa kutoacha kichwa cha kitanda kimeinuka zaidi ya nyuzi 30 kwa muda mrefu. Lakini mgonjwa wa kiharusi akilishwa akiwa amelala, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Basi huketishwa wima anapokula na kwa nusu saa hivi baadaye, kisha hushushwa. Wengi huikumbuka nusu ya kwanza ya agizo hilo na kusahau ya pili.

Kutelekezwa kuna madhara mengine kwa ngozi, na yanastahili kutajwa kwa sababu ndiyo hufungua mlango. Mkojo ukikaa kwenye ngozi huilainisha na kuibadilisha ile hali yake ya utindikali inayozuia vijidudu. Kinyesi, hasa cha kuhara, kina vimeng'enya vinavyoimeng'enya ngozi yenyewe. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam, jasho hufanya kazi hiyohiyo. Humo majumbani kuna karatasi ya nailoni inayotandikwa chini ya shuka ili godoro lisiharibike. Nia ni njema na godoro ni ghali, lakini mgonjwa akilala moja kwa moja juu ya nailoni na kanga moja nyembamba, mgongo wake hauvuti hewa usiku kucha. Fangasi huota kinenani, chini ya matiti na kwenye mikunjo ya tumbo. Upele huenea. Na mkono uliopooza hukunja ngumi: vidole hujifunga, kucha hukua kuelekea ndani, zikachimba kiganja. Nyumba ambayo mzee huogeshwa kila siku bado inaweza kukuta harufu mbaya ikitoka kwenye ngumi hiyo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuifungua. Hufunguliwa taratibu ndani ya maji ya vuguvugu, kidole kimoja baada ya kingine, kucha zikakatwa, kiganja kikakaushwa, kisha kitambaa safi kilichoviringishwa kikawekwa ndani.

Halafu kuna chakula. Ngozi hujirekebisha kwa protini, na miongozo ya kimataifa hupendekeza kwa mtu aliye hatarini gramu 1.25 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mama wa kilo 50 anahitaji gramu 62 hadi 75. Yai moja lina gramu 6 hivi. Uji mweupe wa sembe, ambao kwa huruma ndio hupewa mgonjwa asubuhi, mchana na jioni, hauwezi kufika huko hata kidogo. Uji huohuo ukitiwa maziwa na karanga zilizosagwa, supu ikatiwa dagaa wa unga, maharage yakapondwa mpaka yakalainika, mambo hubadilika, na kwa fedha isiyozidi ile inayotumika kununulia dawa za vidonda.

Ubishi wa kwamba kidonda ni majaaliwa au ni matunzo ni wa zamani sana. Ugonjwa wenyewe ni wa kale: maiti iliyokaushwa ya kuhani wa kike wa Misri ilikutwa na vidonda vya aina hii makalioni na mabegani, vimefunikwa kwa ngozi laini ya mnyama. Lakini ubishi wa kitaalamu ulipamba moto Ufaransa katika karne ya 19. Jean-Martin Charcot, bingwa wa mishipa ya fahamu katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, alishikilia kwamba kuharibika kwa mishipa ya fahamu ndiko kunakooza nyama, na kwamba kidonda kikishatokea makalioni mwa aliyepooza ni dalili ya kifo kinachokuja. Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Mauritius, alikuwa ameshaonyesha kinyume chake miaka ya 1850. Wanyama aliowakata uti wa mgongo hawakupata vidonda walipowekwa pakavu, pasafi na bila kukandamizwa, na waliokwisha kuvipata walipona. Florence Nightingale naye, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, aliweka kidonda cha kitandani upande wa uuguzi, akakitoa upande wa ugonjwa.

Hata hivyo kauli ya Charcot ndiyo iliyotawala, na gharama yake ililipwa kwa maisha ya watu. Askari waliojeruhiwa uti wa mgongo katika Vita Kuu ya Kwanza walikufa wengi wao ndani ya muda mfupi, kwa vidonda vilivyooza na maambukizi ya njia ya mkojo. Daktari akiamini kwamba kidonda hakizuiliki, hamgeuzi mgonjwa. Asipogeuzwa, kidonda huja, na daktari huona ameambiwa kweli.

Aliyeuvunja mduara huo kwa nguvu zaidi ni Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939. Februari 1944 alifungua kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Wagonjwa waliletwa wakiwa wamefungwa kwenye vitanda vya plasta, wengine vidonda vimefika mfupani. Guttmann aliivua plasta na kuamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na usiku mwenyewe alipita wodini kukagua kama agizo limefuatwa. Hakuwa na dawa mpya ya kidonda. Alikuwa na mito, watu wa kugeuza na ukali wa kutosha. Tarehe 29 Julai 1948, siku ya ufunguzi wa Olimpiki ya London, aliwakusanya majeruhi 16 wakashindana kulenga shabaha kwa upinde katika viwanja vya hospitali hiyo. Kutokana na mashindano hayo ndiyo Paralimpiki ikazaliwa. Wanariadha wanaotusisimua leo kwa mataji yao walitanguliwa na watu ambao, miaka michache kabla, vitabu vingewahesabu kuwa wamekwisha kufa.

Zile saa 2 zimegeuka sheria karibu dunia nzima, nami naona zimenukuliwa kuliko zilivyoeleweka. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Nancy Bergstrom na wenzake kwa wazee 942 katika nyumba za matunzo za Marekani na Kanada. Waliogeuzwa kila saa 2, kila saa 3 na kila saa 4 hawakutofautiana kwa kiasi cha maana katika kupata vidonda. Anayesoma kwa haraka atasema basi kugeuza hakuna haja. Lakini wazee wale walilala juu ya magodoro mazito ya povu bora, na kila mmoja alikuwa akigeuzwa kwa ratiba iliyoandikwa na kukaguliwa. Godoro ndilo lililowanunulia saa za ziada. Mgonjwa anayelala juu ya sponji la miaka mingi, lililobonyea katikati mpaka unazihisi mbao za kitanda, hana akiba hiyo. Kwake saa 2 zenyewe zinaweza kuwa nyingi. Kipimo ni chepesi. Pitisha mkono chini ya godoro, kiganja kikitazama juu, mahali makalio yanapokaa. Ukihisi mfupa wa mgonjwa unakugusa kiganja, godoro hilo limekwisha kazi, hata kama kitambaa chake bado kinameta.

Linaloniudhi zaidi katika somo hili zima linahusu rangi ya ngozi. Hatua ya kwanza ya kidonda, ambayo ndiyo pekee inayoweza kurudishwa kwa kumgeuza tu mgonjwa, kwa miaka mingi imefundishwa kama wekundu usiofifia ukibonyezwa kwa kidole. Wekundu huo huonekana juu ya ngozi nyeupe. Juu ya ngozi ya wengi wetu hauonekani, au huonekana umechelewa. Nchini Marekani, ambako takwimu huwekwa kwa rangi, imeonekana kwamba wazee weusi wa nyumba za matunzo hukutwa na vidonda vikiwa vimeshafika hatua za juu zaidi. Sasa fikiria mwanafunzi wa uuguzi wa Mwanza au Kisumu anayejifunzia kwenye picha za makalio meupe, halafu anaingia wodini ambako hakuna mgonjwa hata mmoja mwenye ngozi kama ile ya kitabuni. Ameandaliwa kukosa kile alichotumwa kukitafuta.

Kwenye ngozi nyeusi, mkono huona kabla ya jicho. Funua mgongo mchana, dirisha likiwa wazi, kwa kuwa mwanga wa taa za wodini hudanganya. Linganisha pande mbili za mwili. Tafuta sehemu iliyoiva rangi kuliko jirani zake, yenye weusi wa kuelekea zambarau au inayong'aa isivyo kawaida. Kisha pitisha nyuma ya vidole. Mwanzoni sehemu iliyoumia huwa na joto kuliko pembeni yake. Baadaye, nyama ikianza kufa, huwa baridi. Bonyeza polepole: nyama iliyokuwa laini imekuwa ngumu, au iliyokuwa imara imekuwa tepetepe. Na muulize mwenyewe. Maumivu yasiyoeleweka kwenye kisigino au kifandugu ni dalili inayojitosheleza, hata kama hakuna cha kuonekana. Mgonjwa asemaye "mwanangu, hapa panawaka" asijibiwe kwamba ngozi ni nzima.

Baada ya hatua hiyo mambo hukimbia. Ngozi ya juu huchubuka au kutoa lengelenge. Kisha shimo hufika kwenye mafuta. Kisha msuli, kano na mfupa. Mfupa ukiambukizwa, usaha unaweza kutoka kwa miezi. Vijidudu vikiingia kwenye damu, mtu anaweza kufa kwa siku chache.

Tugeukie nyumba zetu, kwa sababu ndiko wagonjwa wengi wa kiharusi na wa uti wa mgongo wanakoishia. Kugeuza mtu mzima aliyepooza peke yako ni kazi ya kuvunja kiuno, na anayeivuta ngozi ya mgonjwa juu ya shuka anamchuna bila kujua. Hapa kanga, ambayo ipo kila nyumba, ni kifaa cha tiba cha hali ya juu. Hukunjwa mara mbili na kutandikwa kuvuka kitanda, kuanzia mabegani hadi mapajani. Watu wawili husimama kila mmoja upande wake, hukunja ncha karibu kabisa na mwili, na kabla ya kuinua humwambia: "Mama, tunakugeuza sasa, upande wa dirishani." Huinuliwa kidogo, husogezwa, hugeuzwa nusu tu, kiasi cha nyuzi 30, mto ukiwa nyuma ya mgongo. Kumlaza ubavu kamili huhamishia uzito wote kwenye nyonga. Mto mwingine hukaa kati ya magoti. Wa tatu huwekwa chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee kabisa, karatasi ipite chini yake bila kugusa. Kanga inyooshwe, kunjo moja tu chini ya kifandugu huandika alama kwenye ngozi kufikia asubuhi.

Pamoja na ujuzi huo kumesambaa mazoea mengine yanayodhuru, na mengi yalitoka hospitalini enzi zile yalipokuwa yakifundishwa. Glovu iliyojazwa maji na kufungwa kama puto, ikawekwa chini ya kisigino, haiondoi uzito. Huuhamisha tu na kuuzungushia eneo dogo. Kata ya kitambaa au mpira wa gari uliotiwa upepo, wenye tundu katikati, hubana duara zima la mishipa na kuiacha nyama ya katikati bila damu. Kukanda na kuchua penye mfupa palipoanza kubadilika rangi, jambo ambalo kwetu ni tendo la upendo, huchana mishipa midogo ambayo tayari imejeruhiwa. Mikono ya kukanda iende mabegani, mapajani na miguuni, mbali na hapo. Spiriti hukausha ngozi na kuipasua. Vidonge vya antibaiotiki vinavyofunguliwa na kumwagwa unga wake kidondoni haviui vijidudu vya ndani, ila huvifunza usugu. Kidonda huoshwa kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, na nyama nyeusi iliyokufa huondolewa na mtaalamu. Watu huniuliza sana juu ya asali. Asali iliyoandaliwa kitabibu ina nafasi yake katika kutibu vidonda, lakini hakuna asali, mafuta wala krimu inayoponya kidonda ambacho bado kinalaliwa.

Sasa lile neno uzembe. Upo, na lazima utajwe. Mzee anayekutwa na vidonda vingi vya umri tofauti, ngozi imeunguzwa na mkojo, kucha zimejikunja, bandeji imegandamana na nyama, na anayepepesa macho kwa hofu mtu fulani akiingia chumbani, huyo ametelekezwa. Vivyo hivyo mtoto mlemavu aliyefichwa ndani kwa aibu za watu wazima. Hawa wanahitaji mwenyekiti wa mtaa, afisa ustawi wa jamii na polisi, na jirani anayejua akanyamaza ana sehemu yake katika jambo hilo.

Lakini wapo ambao walipata matunzo yote yanayopatikana duniani na bado ngozi ikawashinda. Christopher Reeve, mwigizaji wa Superman, alipooza kutoka shingoni mwaka 1995 baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi. Alikuwa na fedha, vifaa na wauguzi wa usiku na mchana. Alifariki tarehe 10 Oktoba 2004, moyo ulisimama wakati akitibiwa maambukizi yaliyotokana na kidonda cha mgandamizo. Na mtu aliye katika siku zake za mwisho hupungukiwa damu ya ngozini, kwa kuwa mwili huielekeza kwenye moyo na ubongo. Kidonda kinaweza kumtokea mikononi mwa waliomgeuza bila kukosa. Kumwambia mjane wa mtu huyo kwamba alizembea ni ukatili.

Kati ya hao wawili ndiko lilipo kundi kubwa, na hapo ndipo nina neno la kusema. Binti wa miaka 19 aliyeacha kibanda chake cha biashara ili amuuguze mama yake, ambaye hakuonyeshwa hata mara moja namna ya kumgeuza, ambaye analala kwa vipande vya saa moja moja kwa miezi, hawezi kuwa mwanzo wa lawama. Nesi mmoja mwenye wodi iliyojaa, ambako ndugu ndio hugeuza wagonjwa mchana na hutolewa nje muda wa kuona wagonjwa ukiisha, hana mikono ya kuwageuza wote kila saa 2 hata angekuwa malaika. Wakati huohuo nchi zetu zinatuma wauguzi nje. Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza mwaka 2021 ili wahudumu wake wa afya wakafanye kazi huko. Siwalaumu wanaoondoka. Ninachosema ni kwamba kidonda cha kulala hupungua palipo na watu wa kutosha wa zamu ya usiku, na idadi ya watu hao hupangwa na wanaopanga bajeti. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 57, inawapa wazee haki ya kutunzwa na familia zao na dola. Familia tumeisikia ikitajwa sana. Ile nusu ya pili ya ibara bado haijafika kitandani.

Marekani walijaribu njia ya mfuko: kuanzia Oktoba 2008 bima ya serikali ya wazee iliacha kuzilipa hospitali gharama za ziada za vidonda vikubwa vilivyotokea wakati mgonjwa amelazwa. Njia hiyo ina kasoro zake, lakini ilizilazimisha hospitali kumkagua mgonjwa mgongo siku anayopokelewa na kuandika kilichoonekana. Hilo tunaweza kulifanya bila bima wala mashine. Taasisi ya mifupa ya MOI Dar es Salaam, hospitali ya KCMC Moshi na hospitali ya majeruhi wa uti wa mgongo ya Nairobi hupokea watu waliopita vituo kadhaa njiani. Kila kituo kikimwondoa kwenye ubao mgumu mapema na kuandika saa aliyogeuzwa mara ya mwisho, anayepokea atajua ni ngozi ya aina gani anayokabidhiwa.

Na siku ya kumruhusu kwenda nyumbani ndiyo ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote. Ndugu atakayeuguza apewe kanga na aambiwe amgeuze mgonjwa hapohapo, mbele ya nesi, mpaka aweze. Apitishe nyuma ya vidole kwenye kifandugu na visigino aseme anahisi nini. Aulizwe godoro la nyumbani likoje, nani atashika zamu ya usiku, na uji utatiwa nini. Kama hakuna mtu wa pili wa kushika ncha ya pili ya kanga, iandikwe kwenye faili, na ofisi ya ustawi wa jamii ipigiwe simu siku hiyohiyo, kabla gari halijaitwa.